Tulivyolinda Mlango kwa Utani

Siku waliponiaga, wauguzi vijana wa wodi yangu walinipa doti ya kanga, saa ya ukutani iliyokata roho kabla sijafika nyumbani, na ombi moja: niandike niliyoyaona kazini. Saa nimeitundika hivyohivyo, ukuta usikae mtupu. Ombi nimekaa nalo kidogo, kisha nikaona heri kulijibu, maana kuna mambo hayafundishwi chuoni, na waliokuwa wanayajua wanazidi kupungua.

Vyeo sitavizungumzia. Vilichelewa, na vilipofika viliniongezea vikao tu. Mshahara nao tuuache ulale. Nitazungumzia mlango mmoja wa godauni pale Gerezani, na watu wawili walionifundisha kazi huku wakitukanana kila siku ya Mungu.

Nilifika Dar es Salaam kutoka Songea nikiwa na cheti cha uuguzi, sanduku la bati na barua ya kunipangia zahanati moja ya serikali, pale Kariakoo inapopakana na Gerezani. Upande mmoja tulinusa grisi ya karakana za reli, upande mwingine dagaa na vitunguu vya sokoni. Mgonjwa akiulizwa anaumwa nini, ilibidi apaze sauti kushinda nyundo za mafundi bati. Muuguzi mkuu alikuwa Bi Mwanaidi, Mzaramo wa Kisarawe, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, aliyevaa kofia yake ya uuguzi juu ya ushungi bila kumwomba mtu ruhusa.

"Shikamoo, Bibi," nilimwambia.

"Marahaba. Kabila gani?"

Miaka ile swali hilo halikuwa la adabu. Tulikuwa tunajenga taifa, sote ndugu, na mikutanoni tuliambiwa makabila tuyaache nyumbani. Nilijibu kwa sauti ndogo kwamba mimi ni Mngoni.

"Ah," alisema, kama mtu aliyekosa basi. "Itabidi nisubiri tuzoeane."

Sikumwelewa mpaka alipoingia Kapaya. Huyu alikuwa mhudumu wetu, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mwenye kazi ya kuchemsha vyombo na kufua mashuka. Aliingia bila hodi, akachukua birika la kijani mezani kwa Bi Mwanaidi, akajimiminia chai, akaonja, akakunja uso.

"Mtumwa wangu, leo umesahau tangawizi."

"Kunywa uondoke, mbeba pembe," Bi Mwanaidi alimjibu bila kuinua macho. "Babu zako walipita kwetu na mizigo mpaka shingo zikaingia kifuani. Wewe ndoo moja tu unalalamika."

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, hilo kila mtu analijua. Mtani anaweza kukutusi, kukunyang'anya kofia, hata kuzuia jeneza la baba yako njiani mpaka mumpe chochote, na ukikasirika, mwenye aibu ni wewe. Kwetu Songea watani wetu ni Wahehe, lakini Wahehe niliwajua kwenye hadithi za babu tu. Sikuwahi kuuona utani ukichapwa kila asubuhi kama kazi, tena kabla ya kifungua kinywa.

Bi Mwanaidi alinifundisha mambo ambayo leo mtayacheka. Bomba za sindano zilikuwa za kioo na sindano zilitumika tena na tena, kwa hiyo tulizinoa kwa jiwe. Ili kujua kama imenoleka vizuri, unaipitisha kwenye pamba. Ikitoka na nyuzi, ina ndoano, na ndoano hiyo itamuumiza mtoto wa mtu. Alinifundisha pia kutafuta mshipa kwa kidole, macho yakiwa yamefumbwa. "Macho yana haraka," alikuwa akisema. Kwa mtu aliyekauka kabisa, alinionyesha mshipa wa mguuni, mbele kidogo ya mfupa wa kifundo upande wa ndani. Mishipa mingine hukimbia na kujificha, huo hauhami. Huo msiusahau hata mkisahau jina langu.

Kisha kikaja kipindupindu. Tulikuwa tumekisikia redioni kwa muda mrefu kikizunguka dunia, nchi moja baada ya nyingine, nasi tukisikiliza kama watu wanaosikiliza kesi ya jirani. Kilipotua mjini hatukuwa na pa kukiweka. Hospitali kubwa zilikuwa na wazazi, watoto wachanga, watu waliopasuliwa. Ukiwalaza wa kipindupindu humo, hospitali yenyewe ndiyo inakuwa chanzo cha ugonjwa. Ikaamuliwa kila eneo liwe na kambi yake pembeni, hospitali zibaki safi. Sisi tukapewa godauni lililowahi kuwekwa korosho, karibu na reli. Tuliosha sakafu kwa maji ya dawa, na bado likanukia korosho mpaka mwisho, kiasi kwamba hadi leo mtu akinikaribisha korosho namshukuru na kusema nimeshiba.

Vitanda vilikuwa vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Si kitanda cha heshima, lakini mgonjwa wa kipindupindu hana nguvu ya kukimbilia choo, na ndoo inakuambia amepoteza maji kiasi gani, ili umrudishie kiasi hichohicho. Kazi yenyewe ni hiyo tu: kurudisha maji. Wenye nguvu tuliwanywesha maji ya chumvi na sukari, na sukari ya enzi hizo ilikuwa ya mgawo; wahudumu wangu wa baadaye walidhani nawasimulia ngano. Waliozidiwa tuliwatundikia dripu.

Tulichokosa zaidi ya sukari ni watu. Muuguzi mmoja mumewe alimfungia ndani. Mwingine alileta cheti kwamba anaumwa mgongo, na mgongo ukaja kupona siku ileile kambi ilipofungwa. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Ilala kwa mama mmoja wa Kindengereko mwenye huruma nyingi. Nilirudi siku ya kwanza nikakuta godoro langu barazani limekunjwa vizuri, na juu yake sahani ya wali iliyofunikwa.

"Mwanangu, sikufukuzi," aliniambia akiwa mbali, karibu na mlango wa uani. "Lakini choo ni kimoja na wapangaji ni wengi. Hayo maradhi yakiisha, chumba chako kipo."

Nilikula ule wali nikilia. Bi Mwanaidi aliposikia, alinichukua nyumbani kwake. Alikuwa mjane, watoto wake hawakuishi, na ndugu aliyebaki ni kaka yake, Mzee Salumu, seremala wa Ilala. Alinipa kitanda, yeye akalala kwenye mkeka, na nilipokataa aliniambia niache Ungoni wangu. Toka siku hiyo nilikuwa na mama hapa mjini.

Watu wa kazi alikwenda kuwatafuta mwenyewe. Aliwafuata mabalozi wa nyumba kumi kumi, na hakuwaomba wasomi. Aliomba watu wasiotapika wakiona matapishi. Akarudi na mama mmoja muuza vitumbua, mzee aliyestaafu kupiga chapa ngozi za machinjioni, na dobi aliyesema maisha yake yote ameishi na uchafu wa watu na haujamfanya kitu. Tuliwafundisha kunawa, kunywesha, kupima ndoo, kunawa tena. Dobi aligeuka kuwa mhudumu bora kuliko mimi, na aliniambia hivyo mara kwa mara.

Basi ukabaki mlango.

Ninyi mnajua jinsi mgonjwa wetu anavyouguzwa. Haachwi peke yake. Shangazi ana chungu cha uji, mjomba ana Yasini, binamu kaja tu kuonekana kwamba kaja. Hospitali ya kawaida utawavumilia. Godaunini, kila aliyeingia alikanyaga tuliyokuwa tunayakusanya ndooni, akaenda nayo nyumbani kwenye choo kimoja cha wapangaji wengi. Wengine walikuja kuwabeba wagonjwa wao wakatibiwe kwao, na aliyetolewa kwenye dripu mchana tulisikia habari za msiba wake kesho yake. Tuliweka kamba ya katani mlangoni, karai la maji ya dawa la kukanyagia, na mgambo mwenye fimbo. Watu walimwona mgambo wakadhani ndani kuna jambo linafichwa. Wakasukuma, karai likapinduka, mgambo akakimbia na fimbo yake.

Bi Mwanaidi akafikiri akasema mtu humsikiliza mtu wa kwao. Akamweka Mzaramo mlangoni awazuie Wazaramo, Mngindo kwa Wangindo, na kadhalika. Hilo lilikuwa kosa, na nadhani ni kosa ambalo lingeweza kufanyika hapa kwetu tu. Mzaramo wetu alikuwa Bwana Shomari, mpole, mcha Mungu. Mtu wa kwanza kufika mbele yake alikuwa mama yake mdogo, na chungu. Angemzuiaje mama yake mdogo? Wa pili alikuwa mtu aliyemwoza mke. Kufikia adhuhuri godauni lilikuwa na watu kuliko ukumbi wa harusi, na mmoja alikuwa ametandika mkeka.

Tuliokolewa na Kapaya, bila kukusudia. Kulikuwa na mzee mmoja, mnadi wa samaki kule Feri, Mzaramo, ambaye tulikuwa tumemvuta kutoka mlango wa kaburi na alikuwa ameanza kudai sigara. Ukoo wake ukafika na chungu cha uji, wamekodi gari, wanamtaka. Shomari alikuwa ameshaanza kufungua kamba. Kapaya alikuwa anapita na ndoo tupu. Akaiweka chini, akatembea hadi mlangoni, akajilaza chali kwenye njia, akafumba macho.

"Mtumwa wangu hatoki," alisema.

Wakamtazama. Bibi mmoja kikongwe, dada yake yule mzee, akauliza, "Nani huyu?"

"Kapaya wa Tabora. Huyo mzee wenu nimemkuta humu nimemrithi. Anayemtaka aniruke. Lakini mkiniruka nikafa, sanda juu yenu, na sisi Wanyamwezi ni warefu, sanda yetu ina gharama."

Yule bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mnyamwezi mshenzi! Ondoka hapo, punda wa Waarabu!"

"Siondoki. Na hicho chungu kimekamatwa."

Ukoo mzima ukacheka, na watu wanaocheka hawawezi kusukuma. Kapaya, bado kalala, akawaeleza mzee wao amekunywa nini asubuhi, anadai nini, amemtukana nani. Wakamwachia chungu, kwa kuwa mtani akikamata kitu ni chake. Akawarudishia kesho yake kimeoshwa kwa maji ya dawa, akalalamika kwamba uji wenyewe haukuwa na ndimu.

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama nyuma ameshika kiuno. Jioni ile alipanga upya zamu za mlangoni, safari hii kwa utani. Kapaya kwa Wazaramo. Namsifu, muuguzi wetu wa Kipare, kwa Wachaga. Mimi kwa Wahehe, nami nikagundua nina ulimi ambao sikuujua. Mhehe mmoja mwenye misuli alisimama mbele yangu akasema anamtaka mdogo wake. Nilimwambia mdogo wake hawezi kutoka mpaka tuwe na hakika hajala mbwa wa mlinzi. Alinitazama, akauliza, "Wewe Mngoni?" Nikasema ndiyo. "Mla panya," akasema kwa furaha kubwa, akakaa chini kwenye kivuli, akatulia tuli. Namsifu naye alimwambia Mchaga mmoja mwenye duka la jumla kwamba akivuka kamba atampeleka mahakamani, na Mpare hachoki kesi. Yule bwana alirudi kila siku kutukanwa. Kwa wasiokuwa na watani wa kueleweka, Kapaya alitangaza kwamba Wanyamwezi walipita kila mahali, hivyo wote waliobaki ni wake.

Lakini alikuwa na sharti moja. Kila asubuhi kabla hajakaa mlangoni alipita kitanda kwa kitanda, akiniuliza, "Huyu, Sista?" Nikisema anaendelea, aliwatania ndugu zake. Nikisema hali mbaya, hakusema kitu, akamwita daktari akawaone.

"Mtu anayekata roho hataniwi," aliniambia. "Utani wake unangoja kaburini. Nikimtania leo na kesho akafa, nimewadanganya watani wangu, na mlango huu hautanisikia tena."

Watu wakaijua haraka desturi hiyo. Ukitukanwa mlangoni, unarudi nyumbani ukipiga mluzi, mgonjwa wako yu hai. Akitokea daktari, wanawake walianza kulia kabla hajafungua mdomo. Daktari wetu alikuwa kijana mcheshi toka Bukoba, na jambo hilo lilimuuma. Alikuwa akisema amegeuka jeneza lenye miguu.

Kambi ilikuwa imeanza kupungua wagonjwa, na tulikuwa tumeanza kuongea habari za kulala, pale Bi Mwanaidi alipougua. Hakuna aliyejua alikipatia wapi. Asubuhi alipanga zamu, akaenda chooni, akarudi, akaenda tena, na dobi ndiye aliyembeba kumrudisha. Kufikia mchana macho yalikuwa yameingia ndani. Ukiivuta ngozi ya mkono ilibaki imesimama. Sauti ilikauka ikabaki mnong'ono, na kila alichomeza kilirudi. Alihitaji dripu kuliko hewa, na mishipa ilikuwa imezama yote. Daktari alijaribu mkono wa kulia, akajaribu wa kushoto. Nilikuwa nimemshika kichwa. Nilimpenda mwanamke yule, na nilikuwa naona anavyoniondokea.

Ndipo nikasikia kelele za mlangoni. Mzee Salumu alikuwa amefika na vijana wa Ilala na mkokoteni uliotandikwa godoro. Watu walionisimulia baadaye walisema hakuja na shari. Alikuja akasimama mbele ya kamba, akaweka mikono kiunoni, tayari.

"Nimekuja, mbeba pembe."

Kapaya hakujibu.

"Nimesema nimekuja. Namtaka dada yangu."

Kapaya alitazama karai la maji ya dawa.

Mzee Salumu akabadilika uso. "Mwanaidi kafa?"

"Hajafa."

"Basi mbona hunitukani?"

Nilipofika mlangoni nilimkuta mzee ameshika kamba kwa mikono miwili, vijana wameinua mkokoteni, na nyuma yao watu wa karakana wameanza kukusanyika. Kapaya alinivuta pembeni.

"Sista, atapona?"

"Sijui. Hatujapata mshipa."

"Basi nitataniaje?" alisema. "Niambie. Nitataniaje?"

Akinyamaza, kamba inakatika, wanamchukua Bi Mwanaidi, na akitolewa pale hafiki Ilala. Na nyuma yao wataingia wote, karai litapinduka, na tulichokijenga chote kitabomoka. Akitania na Bi Mwanaidi akafa, amesema uongo juu ya mtu ambaye chai yake ameinywa tangu ujana. Nilimwona anavyohangaika, mwanamume mzima, mdomo unafunguka na kufungika. Nilirudi ndani mbio, maana mgonjwa alikuwa wangu.

"Kelele gani?" Bi Mwanaidi alinong'ona.

Nilimwambia ukweli. Kaka yako amekuja na mkokoteni. Kapaya hasemi kitu.

Alifumba macho, nikadhani amepotea. Kisha midomo ikatikisika, nikainamisha sikio mpaka likagusa meno yake. Nilikisikiliza alichosema chote, nikakimbia tena mlangoni.

"Kapaya," nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Bi Mwanaidi kanituma. Anasema, kama mtumwa wake anangoja afe ili arithi birika, amekula hasara. Anasema hata akifa atazikwa nalo, na chai yake ndani."

Kapaya akanitazama. "Kasema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

"Birika la kijani?"

"La kijani."

Kapaya akageuka kumkabili Mzee Salumu, akavuta pumzi, na machozi yakawa yanamtiririka waziwazi hadi kidevuni.

"Mmesikia nyie wacheza ngoma?" alipiga kelele. "Mchoyo hata kitandani! Na wewe Salumu, godoro gani hilo umeleta? Hilo hata kunguni wamelihama. Vuka kamba nikunyang'anye na hiyo suruali!"

Mzee Salumu aliachia kamba. Akakaa chini palepale vumbini, akashika kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama analia au anacheka. "Mnyamwezi," alisema hatimaye, "lile birika ni la mama yetu, baradhuli wewe."

"Basi mama yenu ni mkwe wangu!"

Watu wa karakana wakaangua kicheko. Vijana wakaushusha mkokoteni, wakaukalia.

Nilirudi kitandani nikapiga magoti. Daktari aliniambia nijaribu mguu, yeye akashika taa na kubana paja kwa mkono ili mshipa ujae. Nilifumba macho. Nje nilisikia matusi yakipishana, babu za watu wakifufuliwa na kuaibishwa, watu wakicheka, na sauti ya Kapaya imepasuka lakini haikomi. Kidole changu kilitafuta mbele ya mfupa wa kifundo, mahali alipokuwa amenionyesha mwenyewe. Mshipa ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea, lakini ulikuwepo. Sindano iliingia. Damu ikarudi kidogo kwenye mpira, daktari akafungua dripu, na maji yakaanza kushuka.

Kushuka kwa maji si kupona, mnajua. Tulibadilisha chupa, tukabadilisha nyingine. Daktari alitaka kutoka apunge hewa, nikamkatalia. Nilimwambia hata dirishani asionekane, maana Ilala nzima ingepiga yowe. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama mtoto aliyeadhibiwa. Sala ya Asri ilipita. Nje walikuwa wamechoka kutukanana kwa pamoja, sasa walikuwa wanapokezana, na kila kimya kilipozidi kidogo nilimsikia Mzee Salumu akiita, "Kapaya! Umelala?" na Kapaya akimjibu kwa tusi jipya. Nilijua kwamba na yeye hajui kama Bi Mwanaidi atapona. Alikuwa anaendelea kwa sababu ya maneno aliyoletewa, basi.

Jua lilikuwa limeshaanza kuingia kwa mlango wa upande wa reli pale Bi Mwanaidi aliponigusa mkono.

"Nataka beseni."

"Unaharisha tena, Mama?"

"Nimesema hivyo?" Sauti ilikuwa bado kavu, lakini ukali wake ulikuwa umerudi. "Nataka beseni."

Mtu wa kipindupindu akikauka hakojoi. Mwili unabana kila tone. Unaweza kumtazama macho, ukamshika mapigo, ukajipa moyo, lakini mpaka figo zifunguke huna hakika. Nilimshikia beseni. Yalikuwa kidogo sana, ya rangi ya chai iliyokolea. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona kitu kizuri kama kile, na wazazi niliowazalisha wanisamehe.

Nilitoka. Watu wakainuka waliponiona. Kapaya alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mgongo kwa umati, uso kwangu, na uso ule ulikuwa umezeeka. Nilisema taratibu, maana ni jambo la siri ya mtu, tena la mama mtu mzima.

"Amekojoa."

"Rudia, Sista."

"Amekojoa, Kapaya."

"Tena."

Nikamwambia tena. Akajifuta uso kwa kanzu yake ya kazi, akasimama, akapanda juu ya kiti.

"Salumu!" alipiga ukelele uliofika sokoni. "Njoo umchukue dada yako! Mtumwa wangu kakojoa! Kakojoa kwenye godauni la serikali, na nani atapiga deki? Mimi! Siku zote mimi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Salumu aliipita kamba, hakuna aliyemzuia, akamshusha Kapaya kitini, akamkumbatia, wakawa wamesimama hivyo miguu yao yote minne ndani ya karai la dawa.

Ndani nilimsikia Bi Mwanaidi akiuliza, kwa sauti iliyoanza kupata nguvu, ni nani mpumbavu aliyekwenda kutangaza. Nikanawa mikono, nikaingia kupokea matusi yangu.